Mshono Usiofumuka

Kamba mpya ya nailoni ina harufu yake. Ni harufu ya mafuta ya taa kwa mbali, iliyochanganyika na ile ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika juani. Mafundi wenzangu katika jengo ninaloshonea hapa mjini Nakuru husema hawaisikii, na huenda wanasema kweli. Mimi ikinipitia tu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi au kwenye mzigo wa mtu aliyenitangulia njiani, vidole viwili vya mkono wangu wa kulia huanza kuwasha palepale ambapo sindano ya magunia ilikuwa ikinichoma. Nimekuwa fundi wa nguo miaka mingi sasa. Nashona sare za shule, suti za kina mama wa kanisa, hata magauni ya maharusi, na watu hunisifu kwamba kazi yangu inadumu. Nikisifiwa hivyo huwa naitikia asante na kubadilisha mazungumzo. Pua yangu inakuwa imesharudi Elburgon, kwenye ua wa jirani yetu Mama Boi, mimi nikiwa darasa la sita na viazi vya mama yangu vikiwa vimebakiza wiki mbili vichimbwe.

Ulikuwa msimu wa baridi kali, hata kwa kipimo cha Elburgon. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni alfajiri na kutukalia hadi saa nne, na tulipokwenda shule tulijuana kwa kikohozi kabla hatujaonana sura. Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi baba kilikuwa kimefungwa, mlango wake umefungiwa mnyororo, lakini ule mlima wa vumbi la mbao nyuma yake ulikuwa bado unaungua chinichini na kutoa moshi mwembamba ambao ulikaa kwenye nguo zetu hata baada ya kufuliwa. Baba alikuwa amekwenda upande wa Olenguruone kutafuta kazi, na salamu zake zilitufikia mara nyingi kuliko pesa zake. Tulibaki mama, mimi na wadogo zangu wawili, katika nyumba ya mabanzi, na tulichokuwa nacho duniani kilikuwa robo tatu ya ekari ya viazi. Hata hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mzee Langat, mzee mpole mwenye shamba kubwa kuliko nguvu zake, ambaye mama alikuwa akiikodi kutoka kwake tangu mimi nikibebwa mgongoni. Ada ya msimu ililipwa kabla ya kulima. Mwaka huo alikuwa ametokea mtu kutoka Njoro, mwenye gari dogo jeupe, aliyetaka kukodi upande ule wote kwa mpigo, na Mzee Langat alikuja mwenyewe nyumbani kutuambia, kofia mkononi.

"Mama Shiru, mimi sina neno na wewe," alisema. "Ukiuza viazi ukinilipa, shamba ni yako vile imekuwa. Lakini ukikosa, huyu mtu nitamwambia nini? Na mimi pia niko na watoto."

"Nitalipa, mzee," mama alisema. "Lori ikitoka tu, nakuja kwako."

Alisema bila wasiwasi, na hakuwa akijigamba. Mama aliijua ile robo tatu kama unavyozijua nywele za mtoto unayemsuka kila Jumapili. Alijua wapi maji hutuama, wapi udongo ni mwepesi, tuta lipi huzaa viazi vidogo kila mwaka hata ulitie mbolea gani. Jioni alikuwa akipita katikati ya matuta, anachokora mzizi mmoja hapa na mwingine pale kwa kidole, anapapasa na kufunika tena. Wiki mbili kabla ya kuchimba alituambia, akiwa anatoa matope kwenye kucha, kwamba kuna magunia thelathini. Thelathini ya kawaida, yaani gunia lililojaa likafungwa mdomo. Kisha akasema kwamba thelathini hatutayaona, maana broka, yule dalali wa lori, lazima ale yake, lakini hata akila vipi, ishirini na tano hayatakosa. Ishirini na tano yangemlipa Mzee Langat na kununua mbegu. Nilimwamini. Kuhusu viazi sijawahi kumsikia mama akikosea, hadi leo.

Asiyetoka kwetu huenda hajui broka alikuwa anakula vipi, kwa hiyo nieleze. Viazi vilinunuliwa kwa gunia, si kwa kilo. Bei ilitajwa kwa gunia moja, na gunia lenyewe alikuja nalo mnunuzi. Sasa kwenye mdomo wa gunia hilo kulishonwa wavu wa kamba, tukauita shingo, na viazi vilijazwa gunia likajaa, vikapanda shingoni, vikaendelea kupanda hadi gunia likasimama refu kuliko mtoto wa darasa la sita. Hiyo ndiyo lumbesa. Lilihesabiwa moja. Mjazaji wa broka wetu alikuwa kijana mwenye mabega mapana ambaye watu wote walimwita Shindilia, na sidhani kama kuna aliyejua jina alilopewa na mama yake. Alikuwa na mti mnene wa kushindilia na mbinu ya kulikumbatia gunia, kulinyanyua kidogo na kulidundisha chini mpaka viazi vitulie na nafasi ipatikane. Ulinzi wa mkulima ulikuwa mmoja tu. Kulikuwa na desturi, na hata mabroka waliiheshimu, kwamba shingo ikifumuka wakati wa kushindilia, basi gunia hilo limekwisha. Linafungwa hapo lilipofika, na viazi vilivyomwagika ni vya mwenye shamba. Kwa hiyo siku ya kuuza, wanawake walisimama kando ya magunia yao, mikono imekunjwa kifuani, wakisubiri ule mlio wa kamba kuachia. Ukitokea walipiga vigelegele kama wamefunga bao. Ile hesabu ya mama ya ishirini na tano ilitegemea shingo kufumuka kama zilivyofumuka miaka yote.

Na zilifumuka kwa sababu zilishonwa na watoto. Broka alimletea Mama Boi magunia matupu na matita ya kamba, na watoto wa kijiji tukitoka shule tulikaa kwenye ua wake, juu ya mabanzi, tukashona. Shilingi tano kwa shingo moja. Wenzangu walishona kwa hatua ndefu, haraka haraka, wakimbilie nyingine. Mimi sikuweza. Nyanya yangu alikuwa amenifundisha kusuka kiondo, na mkono ukishazoea kukaza haujui tena kulegeza. Nilikuwa napitisha sindano, narudi nyuma nusu hatua, napitisha tena, na kila baada ya vidole vinne napiga fundo. Ilikuwa polepole, vidole vilitoka damu, lakini shingo yangu ukiivuta kwa mikono miwili ilibaki pale pale. Broka alipokuja kukagua alizivuta zote, akazitupa za wengine upande mmoja, akabaki na zangu.

"Nani ameshona hii?"

"Ni huyu Shiru," Mama Boi alimjibu.

"Sasa nyinyi wengine mfundishwe na huyu. Sitaki kazi ya kulala."

Nikawafundisha. Nilipita kwa kila mmoja, nikamshika mkono, nikamwonyesha mahali pa kurudi nyuma na mahali pa fundo, kwa sauti ileile ya mwalimu wetu wa hesabu. Nilikuwa na kiburi, sifichi. Nikaanza hata kuweka alama. Sweta yangu ya shule ilikuwa imeanza kufumuka kwenye mkono, nami nilikata nyuzi zake za buluu na kumalizia kila shingo niliyoshona kwa fundo dogo la rangi hiyo, ili broka asije akachanganya kazi yangu na ya mtu mwingine. Shilingi zangu nilizitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda. Nilitaka kumnunulia mama gumbuti, vile viatu virefu vya mpira. Zake zilikuwa zimepasuka kisigino, na alipotoka shambani soksi zake zilikuwa zikikamuliwa kama nguo iliyotolewa kwenye karai.

Watu wakinihurumia kwenye hadithi hii husema nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimesimama kando ya magunia ya mama miaka mitatu mfululizo, nimepiga vigelegele shingo ilipofumuka. Nilijua vizuri shingo ni ya kazi gani. Nilichojiambia ni kwamba hizi nilizoshika ni za viazi vya watu wengine, huko Kuresoi au Mau Narok, mahali ambapo sina shangazi. Broka ana lori moja na njia nyingi, nikawaza, kwa nini magunia haya yaje kwetu? Mama alidhani ninakwenda kwa Mama Boi kusoma na binti yake, na mimi sikumsahihisha. Nilitaka gumbuti zimshangaze.

Lori lilikuja Alhamisi. Viazi vilikuwa vimechimbwa tangu juzi yake na majirani watano waliokuja kutusaidia kwa zamu, kama mama alivyokwenda kwao, na sasa vilikuwa lundo refu kando ya barabara, vyekundu kidogo, vyenye unyevu, vimefunikwa majani ya msituni visipigwe na jua. Viazi vikishachimbwa mkulima hana ujanja. Havirudi ardhini, na vikikaa vinageuka kijani, hanunui mtu. Broka aliteremka, akavisifu, akataja bei, na bei haikuwa mbaya. Mama alikubali. Shindilia akatupa chini bunda la magunia, na kabla hayajafunguliwa niliona buluu.

Fundo dogo la buluu, gunia la kwanza. Fundo dogo la buluu, gunia la pili. Yale yasiyokuwa na buluu nayo yalikuwa yameshonwa hatua fupi fupi, yakirudi nyuma nusu, na fundo kila vidole vinne. Nilikuwa nimefundisha vizuri. Shindilia alijaza la kwanza debe kwa debe, akafika shingoni, akachukua mti wake. Mama na wale majirani wakakunja mikono. Akashindilia. Akalikumbatia, akalidundisha. Akaomba debe jingine, na jingine, na jingine. Shingo ilivimba, kamba zikalia kidogo kama mlango wa zamani, kisha zikanyamaza. Jirani mmoja aliyekuwa ameshaweka ulimi tayari kwa vigelegele aliurudisha mdomoni.

"Hii shingo imetoka wapi?" mama akauliza.

"Mathe, siku hizi tuko na fundi," Shindilia alisema, akicheka, bila ubaya wowote. Alikuwa mtu wa furaha. "Kuna kasichana kanashona hapo kwa Mama Boi. Hiyo kitu hata ujaze ng'ombe haipasuki."

Mama aliinama. Alishika shingo ya gunia, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, akafika kwenye fundo. Akaliangalia. Kisha akageuza kichwa, akaangalia mkono wa sweta yangu, pale ulipokuwa umefumuka na kufupika. Hakuangalia uso wangu. Ningependa angeuangalia. Akainuka, akamgeukia broka aliyekuwa ameegemea lori.

"Wacha tupime na kilo," alisema. "Kwa Mzee Langat kuna mzani ya maziwa. Tupime hata moja tu, tujue ni kilo ngapi."

"Mathe, mimi sinunui kwa mzani. Nanunua gunia. Kama hutaki, niambie, hii lori iende kwa wengine wananingoja."

"Sijasema sitaki."

"Basi, boss, endelea," broka akamwambia Shindilia.

Akaendelea. Nilisimama pale nikiomba. Niliomba kazi yangu iharibike. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote kama nilivyoomba siku ile kamba moja tu ikatike, nami nilikuwa ninajua kuliko mtu yeyote pale kwamba haitakatika, maana niliivuta mwenyewe. Lundo liliisha kabla ya saa nane. Shingo iliyofumuka ilikuwa moja, iliyoshonwa na mtoto fulani mvivu ambaye nilikuwa nimemgombeza, na hakuna aliyepiga vigelegele. Magunia yalikuwa kumi na tisa. Yalisimama kando ya barabara kwa mstari, marefu, yamenona, na watu wanne walihitajika kulipandisha kila moja kwenye lori.

Mama hakunipiga. Hata hakupandisha sauti. Lori lilipoondoka alichukua debe akaliosha kwenye mtaro, ndani na nje, kwa muda mrefu kuliko debe linavyohitaji. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Walikuwa wanakulipa?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Pesa uliweka wapi?"

"Kwa kopo. Nilitaka kukununulia gumbuti."

Maji ya mtaroni yalikuwa yakipita na vipande vya ganda la viazi.

"Basi nunua," alisema.

Alikwenda kwa Mzee Langat jioni ileile, kama alivyoahidi, na alichokuwa nacho kwenye kitambaa. Mzee alikipokea, akakihesabu, akaona hakifiki ada, akakirudisha mkononi mwake. Mama alisimulia kwamba yule mzee alikuwa na machozi, na mimi naamini, lakini mwezi uliofuata gari dogo jeupe lilikuja na trekta nyuma yake, likageuza matuta ya mama siku moja. Gumbuti nilizinunua sokoni, za mtumba, nyeusi, zilizomzidi kidogo. Alizivaa zaidi ya miaka mitano. Alizivaa akienda kibarua, na kibarua chenyewe kilikuwa kuchimba viazi vya yule mtu wa Njoro, katika robo tatu ileile, akimwonyesha msimamizi wapi maji hutuama. Hatukupata tena shamba. Kila mahali tulipouliza palikuwa pameshachukuliwa, au ada ilikuwa imepanda tukiwa bado tunaulizia. Kwa Mama Boi sikurudi, lakini wenzangu walikuwa wameshajifunza.

Siku hizi kuna sheria. Gunia la viazi lisizidi kilo hamsini, lifungwe mdomoni bila shingo, na mzani utumike. Nimeisoma gazetini, na nilipoisoma nilifurahi kama mjinga, nikamsomea mteja aliyekuja kupimwa koti. Kisha nikaenda nyumbani Elburgon kwa matanga. Kando ya barabara magunia yalikuwa yamesimama kwa mstari, yana shingo, na mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya debe akiyaangalia. Nilimuuliza kuhusu mzani. Alinitazama viatu kwanza, halafu akaniambia kwamba mzani upo, uko ofisini kwa chifu, na ofisi imefungwa. Niliinama nikapitisha kidole gumba kwenye shingo ya gunia lake moja. Mshono ulirudi nyuma nusu hatua. Fundo kila vidole vinne.

Mwezi uliopita mama alikuja kwangu Nakuru kutibiwa macho, akakaa wiki mbili. Ni mzee sasa, mwepesi, na mikono yake haijui kukaa bure. Alikuwa na sweta ya kijivu iliyofumuka begani. Katika miaka yote ya ufundi wangu, mama hajawahi kunipa nguo yake niishone. Huwa anapeleka kwa fundi mwingine pale Elburgon, ambaye mshono wake unaweza kuutoa kwa meno, na mimi sijawahi kumwuliza kwa nini, na yeye hajawahi kueleza. Asubuhi ya kuondoka niliona bega limeachia kabisa, na nje kulikuwa na baridi. Nikanyoosha mkono.

"Mama, leta nikushonee."

Alishika lile bega, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi zilizoning'inia, kisha akaivua na kunipa.

"Haya," alisema. "Lakini usikaze sana, Shiru."

Nilikaa kwenye cherehani nikaizima, nikachukua sindano ya mkono. Nilijaribu hatua ndefu. Nilijaribu, Mungu ananiona, kushona kama walivyoshona wale watoto wengine, haraka, bila kurudi nyuma. Mkono ulirudi wenyewe. Nilifumua, nikaanza upya, ukarudi tena, na mara ya tatu mama alikuwa ameshavaa kitambaa kichwani na gari lake lilikuwa linajaza stejini. Nikampa hivyo hivyo. Alilivuta lile bega mara moja, kwa nguvu, kama broka. Halikuachia. Akaitikia kwa kichwa, akaivaa, na nikamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.